Hunan ndani ya nyumba ya Waswahili

Ukiniuliza kwetu ni wapi, sikujibu Kenya. Nakujibu Likoni, na ukiwa mtu wa Mombasa nitakutajia mpaka mtaa. Kwa hiyo tulipomuasili binti yetu kutoka China mwaka 2012, mimi na mume wangu tuliweka azma kwamba naye awe na kwao panapotajika. China ina watu zaidi ya bilioni moja. Kumwambia mtoto "wewe ni Mchina" kisha ukamtundikia taa nyekundu sebuleni ni kumpa kitu kipana mno, hana pa kukishika. Kwao ni Hunan, mojawapo ya majimbo ya China. Tukaanzia hapo.

Tunaishi Kent, kusini ya Seattle, Marekani. Mtoto tulimpokea Changsha, mji mkuu wa Hunan, kisha tukashuka Guangzhou kusubiri viza yake katika ubalozi mdogo wa Marekani. Alizaliwa na mdomo sungura, yaani mdomo wa juu uliopasuka, na miaka ile watoto wengi waliotolewa China kwenda nje walikuwa na jambo la kutibiwa. Jina alilopewa katika kituo cha kulelea watoto tumelibakisha kwenye hati zake zote, na la kwetu likafuata nyuma yake.

Mlango ulifunguka jikoni. Watu wa Hunan wanasifika China nzima kwa kula pilipili, na chakula chao cha fahari ni kichwa cha samaki kilichopasuliwa, kikafunikwa pilipili nyekundu zilizokatwakatwa na kuchachushwa kwa chumvi, kikapikwa kwa mvuke. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea siku ya kwanza nilipokipika. Alikitazama, akanawa mikono, akamwambia mjukuu wake: "Njoo mwanangu, kwenu wanajua. Utamu wa samaki uko kichwani." Wakakaa wawili kufyonza mifupa. Tangu siku ile, chakula cha Hunan hakiitwi chakula cha mtoto nyumbani kwetu. Ni chakula, na kaka yake ndiye anayelalamika kikikosekana.

Hilo ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Mtoto asibebeshwe urithi wake peke yake, kama kwamba ni dawa yake anayopaswa kunywa huku wengine wanamwangalia. Darasa la Kimandarini la Jumamosi tulikwenda sote, mimi, baba yake na kaka yake, tukakaa madawati ya nyuma. Mwalimu alitueleza mapema kwamba wazee wengi wa Hunan huongea Kixiang, lugha ambayo mtu wa Beijing anaweza asiielewe, akatufundisha salamu chache za huko. Tulimtafutia pia watu wazima Wachina katika mambo ya kila siku. Daktari anayemnyoosha meno, kazi ndefu kwa mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa mdomo na kaakaa, ni mama aliyezaliwa China. Binti yetu humwita shangazi, humuuliza mambo asiyotuuliza sisi, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo.

Katika sikukuu, Mwaka Mpya wa Kichina tunausherehekea kama kila mtu, lakini iliyo yetu hasa ni ile ya mbio za mashua, siku ya tano ya mwezi wa tano kwa hesabu yao ya mwandamo. Watu humkumbuka mshairi Qu Yuan, anayesimuliwa kwamba alijitosa katika mto Miluo, na mto huo uko Hunan. Mume wangu amehifadhi beti za Muyaka tangu utotoni, na kwake jimbo ambalo mshairi wake hukumbukwa zaidi ya miaka 2,000 ni jimbo la kuheshimiwa. Tunafunga wali wa kunata katika majani ya mianzi, na yeye anawasomea watoto wote wawili mashairi, ya kule na ya Mvita.

Lililo gumu ni wazazi waliomzaa. Tumemwambia ukweli kwa kadiri ya umri wake: sera ya mtoto mmoja iliyodumu mpaka mwisho wa 2015, gharama za hospitali, tangazo la gazetini lenye picha yake ya uchanga likitafuta wenyewe. Sikuwahi kumwambia "walikupenda ndiyo maana wakakuacha", kwa sababu sijui, na mtoto akishaambiwa kwamba mapenzi huishia kuachwa ataishi na hofu. Mwezi Aprili Wachina husafisha makaburi ya wazee wao. Sisi hatujui kama wazazi wake wamekufa, basi hatuwaombolezi. Tunawataja usiku wa mwezi mpevu katika mwezi wa nane wa hesabu hiyo ya mwandamo, sikukuu ya jamaa kukutana, na dua tunawaombea ya watu walio hai.

Septemba 2024 China ilipotangaza kusitisha kuwatoa watoto kwa familia za nje, isipokuwa kwa ndugu wa karibu, binti yetu aliuliza jambo moja tu: je, faili lake litaendelea kutunzwa? Zaidi ya watoto 160,000 wametoka tangu 1992, na wengi sasa ni watu wazima wenye swali hilohilo. Ameamua mwenyewe kutoa mate yake yapimwe vinasaba, na ameandika barua kwa Kichina, iliyosahihishwa na mwalimu wake, akiomba kituo kimruhusu kulisoma faili hilo. Tunaweka akiba ya safari ya Changsha. Amesema lazima bibi yake awepo, na mama yangu ameshaanza kushughulikia pasipoti.