Mwaka upi ulitoa albamu bora? Tulivyoufikisha mwisho ubishi wa nyumbani

Ukitaka kumkasirisha mtu wa nyumbani kwetu, mwambie mwaka anaoupenda haukuwa na muziki. Mjomba wangu ni fundi redio wa Temeke wa siku nyingi, na kwake yeye muziki ulifika kileleni miaka ya 1970. Kaka yangu alikulia kwenye hip hop ya miaka ya 1990 na haambiliki. Binti wa dada yangu, ambaye muziki wake wote umo kwenye simu, anatuambia kila mtu anasifia ujana wake tu. Mimi napenda vyote, kwa hiyo kila Idi na kila tukikutana kutazama mpira najikuta katikati yao.

Swali ni lilelile: katika kila muongo, mwaka upi ulitoa albamu bora kuliko miaka mingine? Kwa muda mrefu halikuwa na mwisho. Mwenye sauti kubwa alishinda, chai ikanywewa, tukatawanyika, na siku nyingine tukaanzia palepale. Mwaka jana nikaamua safari hii lifike mahali. Limefika, na naeleza tulivyopita kwa sababu najua viko vijiwe vingi vilivyokwama pale tulipokuwa tumekwama sisi.

Niliposikiliza vizuri niliona kwamba hatubishanii kitu kimoja. Mjomba akitaja mwaka, anakumbuka bendi aliyoiona jukwaani. Kaka anakumbuka siku kanda ilipomfikia mkononi, pengine muda mrefu baada ya kutoka huko Marekani. Binti anasoma tarehe iliyo kwenye simu, na tarehe hiyo mara nyingi ni ya toleo jipya lililosafishwa sauti. Hapo hata mkikesha hamwezi kuelewana. Nikaomba tukubaliane kanuni kabla mtu hajataja jina la msanii yeyote.

Tulianza na tarehe. Kinachohesabika ni siku albamu ilipoingia sokoni mara ya kwanza, si siku ya kurekodiwa wala siku ya kutufikia. John Coltrane alirekodi A Love Supreme Desemba 1964, lakini watu waliinunua 1965, basi ni ya 1965. Thriller ya Michael Jackson ilitoka tarehe 30 Novemba 1982. Dunia iliicheza 1983 nzima, lakini ni ya 1982. London Calling ya The Clash ilitoka Uingereza Desemba 1979 na Marekani Januari 1980, ndiyo maana jarida la Rolling Stone liliweza kuitangaza albamu bora ya miaka ya 1980. Kwetu inabaki 1979.

Mikusanyiko, yaani albamu za nyimbo zilizokwisha kutoka zamani, tuliitoa kabisa. Hili lilimuuma kaka, maana Legend ya Bob Marley ilitoka 1984 na hakuna mtaa usioijua. Lakini nyimbo zake ni jasho la miaka ya nyuma, na mwaka 1984 Marley alikuwa ameshafariki miaka mitatu. Mwaka hauwezi kusifiwa kwa kazi ya mwaka mwingine.

Kisha tukasema mwaka si albamu moja. Ili mwaka uingie kwenye kinyang'anyiro, lazima uwe na angalau albamu tano unazoweza kuzipiga mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo. Kanuni hii ilipunguza kelele palepale, kwa sababu watu wengi wana albamu moja wanayoipenda sana, na mwaka wameuambatanisha nayo tu.

Mwisho, anayetaja albamu ndiye anayeipiga. Asituambie ni nzuri, aiweke tusikie, na tusikie upande mzima. Hii ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote. Mtu akishakaa dakika ishirini na kitu alichozoea kukisifia kwa kumbukumbu, anajua mwenyewe kama kinasimama.

Miaka ya 1950 haikutuchukua muda. Kaka hakuijua, binti hakuijua, na mjomba alikuwa na jibu: 1959. Kind of Blue ya Miles Davis, Time Out ya Dave Brubeck, Mingus Ah Um ya Charles Mingus, The Shape of Jazz to Come ya Ornette Coleman. Hata kabla ya kutafuta ya tano, hakuna aliyekuwa na mwaka wa kuushindanisha. Miaka ya 1960 nilitaka 1965, kwa Coltrane na kwa Otis Redding, na bado nautaka. Wenzangu wakapigia kura 1967, mwaka ambao Aretha Franklin alitoa I Never Loved a Man the Way I Love You na Jimi Hendrix akatoa albamu zake mbili za kwanza. Sikushindana sana. Aretha akianza kuimba na kile kinanda chake, hoja zinapungua.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyotulaza macho.

Mimi nilikuwa upande wa 1971, na niliipiga What's Going On ya Marvin Gaye upande wa kwanza wote. Inaanza na sauti za wanaume wanaosalimiana kama waliokutana mlangoni, saksafoni inaingia juu yao, halafu Marvin anaimba na Marvin: sauti yake imerekodiwa mara mbili na zote mbili zimeachwa, moja inasema na nyingine inaitikia. Nyimbo hazina pengo kati yake. Ya kwanza haijaisha, ya pili imeshaingia, na unapoamka kwenye mawazo umefika kwenye wimbo wa mazingira mwishoni mwa upande. Binti aliacha simu yake. Mwaka huohuo una Tapestry ya Carole King, Blue ya Joni Mitchell, There's a Riot Goin' On ya Sly and the Family Stone, na Just As I Am ya Bill Withers, ambayo ndiyo albamu yake ya kwanza. Tano hizo, na Led Zeppelin na Rolling Stones sijawagusa. Nilidhani nimemaliza.

Mjomba akaja na 1973. Kwanza akaweka Catch a Fire ya The Wailers, ile ambayo jalada lake la kwanza lilitengenezwa mfano wa kiberiti cha gesi, unafunua juu ndipo unatoa santuri. Chris Blackwell wa kampuni ya santuri ya Island aliwapa fedha wakarekodi Jamaika, kisha kanda zikaongezewa magitaa na vinanda London ili wasikilizaji wa roki wazipokee. Ukisikiliza wimbo wa kwanza unalisikia solo la gitaa ambalo si la Kingston kabisa, la Wayne Perkins, Mmarekani, na bado limekaa mahali pake. Kabla mwaka haujaisha, Wailers haohao wakatoa Burnin'. Stevie Wonder akatoa Innervisions mwezi Agosti, ala karibu zote kazipiga mwenyewe, na siku tatu baadaye akapata ajali ya gari iliyomlaza bila fahamu. Fela Kuti ana Gentleman, ambayo wimbo wake mmoja unachukua upande mzima. Herbie Hancock ana Head Hunters. Al Green ana Call Me. Marvin wangu mwenyewe yumo, na Let's Get It On.

Nilibadilika nikisikiliza Innervisions. Sipunguzi neno kuhusu 1971, ila mwaka 1973 una Lagos na Kingston ndani yake, na mwaka bora wa dunia ambao haufiki Afrika hauwezi kunitosha. Kura zikaenda 1973.

Hapo ndipo mjomba, aliyekuwa ameshinda, akatoa hoja iliyoukata mchezo mzima.

"Mjomba, haya yote ni sawa," akaniambia, "lakini Morogoro Jazz wako wapi? NUTA wako wapi?"

Hawakuwepo, na sababu si ubora. Bendi za Dar es Salaam na Morogoro zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania, nyimbo zikapigwa hewani, na zilipotaka sahani zilitegemea Nairobi. Sahani zenyewe zilikuwa zile ndogo, wimbo mmoja umekatwa pande mbili. Mjomba alitoa moja kwenye boksi tusikie. Upande wa kwanza waimbaji wanasimulia kisa chao taratibu, sauti inafifia, unanyanyuka kugeuza, na upande wa pili magitaa yanaachiwa: solo linazunguka, ridhimu inalijibu, tarumbeta zinaingia kwa pamoja, waimbaji wanarudi kuitikia tu. Kazi hiyo haipungukiwi na kitu. Ilitengenezwa kwa ajili ya sahani ndogo na redio, na ukiipima kwa kipimo cha albamu hutaiona.

Wapo wanaolitatua hili kwa kuchukua mikusanyiko iliyotolewa Ulaya miaka mingi baadaye na kuihesabu kama albamu. Nilikataa. Mkusanyiko wa nyimbo za miaka ya 1970 uliotoka miaka ya 1990 hauwezi kuupa sifa mwaka wa miaka ya 1990, na kanuni tuliyoitumia kwa Marley lazima imguse kila mtu. Tulichofanya ni kufungua jedwali la pili, miaka ya nyimbo, lenye kura zake na kanuni zake, likiwa na hadhi ileile ya la kwanza. Humo mjomba aliweka 1979, mwaka wa Sina Makosa ya Les Wanyika, na huohuo tulioanza kwa kumpoteza mpiga gitaa na mwimbaji Mbaraka Mwinshehe katika ajali ya gari mwezi Januari. Kwa maoni yangu jedwali hili ndilo jambo bora tulilofanya. Vijiwe vinavyoanza ubishi huu wetu viwe na majedwali mawili tangu mwanzo.

Miaka ya 1980 kila mtu alitarajia 1982, na Thriller peke yake inatisha. Mwaka huo una pia Agwaya ya Orchestra Makassy, iliyorekodiwa Nairobi, na Juju Music ya King Sunny Adé. Kaka akaleta 1988, mwaka wa Public Enemy na wa Tracy Chapman, yule dada aliyepanda na gitaa peke yake Wembley kwenye tamasha la miaka 70 ya Mandela. Mimi nilileta 1987, na mara hii nilikuwa nimejiandaa. Soro ya Salif Keita niliiweka ya kwanza makusudi: sauti ya Mande, ya Afrika Magharibi, juu ya sinteshaiza za Paris, na wimbo unabadilisha mwendo katikati bila kukuaga. Kisha Akwaba Beach ya Mory Kanté, Slave ya Lucky Dube, Shaka Zulu ya Ladysmith Black Mambazo, Sign o' the Times ya Prince, Bad ya Michael mwenyewe. Hakuna mwaka mwingine wa muongo ule ambao Afrika ilisimama na dunia sawasawa namna hiyo. Ulipita bila upinzani.

Miaka ya 1990 kaka alibishana na nafsi yake. Moyo wake uko 1996: All Eyez on Me ya Tupac na The Score ya Fugees zilitoka siku moja, tarehe 13 Februari, Tupac akauawa Septemba, na huku nyumbani Mr. II alikuwa na Ndani ya Bongo. Lakini mwenyewe aliipiga Illmatic, albamu ya chini ya dakika 40 ambayo Nas aliitoa akiwa na miaka 20, na ilipoisha akasema 1994. Ready to Die ya Notorious B.I.G. ni ya mwaka huo, My Life ya Mary J. Blige pia, na The Guide ya Youssou N'Dour, na Talking Timbuktu ya Ali Farka Touré na Ry Cooder. Ni mwaka ambao Radio One ilianza hapa, nasi tukaanza kuchagua cha kusikiliza.

Kwa miaka ya 2000 tuliuchukua 2001, na sababu kubwa ni Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay. Ndio Mzee, wimbo wa mwanasiasa anayemwaga ahadi, imo humo, na kila uchaguzi bado inasikika kama imetungwa jana. Eric Wainaina alitoa Sawa Sawa mwaka huohuo, yenye wimbo wa nchi ya kitu kidogo. Koffi Olomide akatoa Effrakata, Werrason Kibuisa Mpimpa, Alicia Keys albamu yake ya kwanza, Jay-Z The Blueprint. Kaka aliutetea 2003 kwa ajili ya Nimefika ya E-Sir, kijana wa South C, Nairobi, aliyefariki mwezi Machi mwaka huo kwa ajali ya barabarani. Tuliipiga yote, kwa heshima. Mwaka wenyewe haukufikisha tano zetu.

Miaka ya 2010 binti alitushinda kirahisi na 2016: Lemonade ya Beyoncé, A Seat at the Table ya mdogo wake Solange, Anti ya Rihanna, Blonde ya Frank Ocean, na albamu ya mwisho ya A Tribe Called Quest. Ila aliona jambo ambalo sisi wakubwa hatukuliona. Wasanii wa Bongo muongo ule waliishi kwa wimbo mmoja mmoja YouTube. A Boy from Tandale ya Diamond ya 2018 ilikuwa tukio kwa sababu albamu zilikuwa zimeadimika. Akasema jedwali la pili la mjomba ni lake yeye pia. Sasa wanalijaza pamoja, yeye kwa simu na mjomba kwa boksi la sahani, na kwa miaka ya 1980 wamekwama kati ya bendi mbili za Dar es Salaam, Sikinde na Msondo. Tumekubaliana muongo huu wa sasa hauguswi mpaka uishe.