Zamu Yangu Mnarani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimelemewa na kimya. Mdogo wangu aliondoka nyumbani kwa hasira miaka mitatu iliyopita, na tangu siku ile hatujapata neno lake. Nimemwombea mpaka maombi yamenikauka mdomoni.

Jumanne usiku umeme ulikatika, nikatoka uani. Anga lilikuwa limejaa nyota. Mwanangu akanifuata, akauliza, "Mama, mbona huko juu hakuna anayetujibu?" Shuleni wamefundishwa habari za wanasayansi wanaotafuta viumbe wenye akili kwenye nyota za mbali.

Nikamsimulia ninayoyajua. Mwaka 1960 mwanasayansi Frank Drake aliielekeza antena ya redio ya Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili, Tau Ceti na Epsilon Eridani, akaanza kusikiliza mwezi Aprili mpaka Julai. Hakusikia kitu. Mwaka 1974 ikatumwa salamu ya redio kutoka Arecibo, Puerto Rico, kuelekea kundi la nyota lililo mbali kiasi kwamba salamu hiyo, ikienda kwa kasi ya nuru, itachukua miaka kama 25,000 kufika. Akiwapo wa kuipokea, naye akajibu siku hiyohiyo, jibu lake litachukua miaka mingine 25,000 kufika. Hadi leo ni kimya, na wapo waliokwisha kusema tuko peke yetu.

Lakini Jill Tarter, mama aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, alisema yote yaliyochunguzwa ni kama glasi moja ya maji iliyochotwa baharini. Nani achote glasi moja pale ufukweni, asione samaki, kisha aende sokoni kutangaza kwamba bahari haina samaki? Kama Mungu ameumba wengine huko, anawajua. Maandiko hayakutuambia, nami siongezi neno. Ila glasi ile imenichoma.

Maana namba ya mdogo wangu niliipiga mara mbili tu, mwaka ule ule. Haikupatikana, nikaacha. Marafiki zake sikuwauliza, niliona aibu. Nikasema amenyamaza. Kisha nikamgeukia Mungu, nikamwambia, "Na wewe umenyamaza."

Wapendwa, tusidanganyane. Tunaomba dakika tano, tunasema amina, mkono uko kwenye simu. Tunamwombea kijana aliyepotea huku jina lake hatutaki litajwe mezani. Habakuki alilalamika kwa uchungu, lakini hakuondoka: "Mimi nitasimama katika zamu yangu, nitajiweka juu ya mnara." Zamu ina saa zake, ina baridi yake, ina usingizi wa kupigana nao. Wale wa antena hawakuahidiwa na yeyote kwamba watajibiwa, na bado wanarudi kusikiliza. Sisi tumeambiwa, "Ijapokawia, ingojee," nasi tumeshuka mnarani baada ya wiki mbili! Yule baba wa mwana mpotevu alimwonaje mwanawe angali mbali, kama hakuwa na desturi ya kuitazama njia? Dada, kaka, rudi ukaitazame njia. Unayemngoja huenda yuko mbali tu, hajafa.

Alhamisi nilimpigia binti wa shangazi yetu. Nimetubu kwake kwa kukawia, naye amenitajia mtaa alikomwona mdogo wangu mwaka jana, akibeba mizigo. Jumamosi alfajiri napanda basi. Mniombee.