Nililaumu silikoni bure, kumbe gundi

Seli ile ya betri, yenye anodi (upande hasi) ya silikoni, niliifungua kwa kibano ndani ya sanduku lililojazwa gesi ya agoni. Magamba meusi yalikuwa yameachana na karatasi ya shaba, nayo shaba inang'aa kama ilivyotoka dukani. Mizunguko 10 tu ya kuchaji na kutumia, anodi nzima imebanduka.

Nilikuja Ujerumani kusoma uzamili nikiwa nimelewa hesabu. Grafiti ya betri ya simu inabeba miliampea-saa 372 kwa gramu. Silikoni, kinadharia, karibu 3,580. Unajiuliza watu wanangoja nini. Basi silikoni ikimeza lithiamu huumuka hadi karibu mara nne ya ujazo wake, ikiitoa hunywea, na hali ni hiyo kila unapochaji.

Wiki kadhaa nikawa nalaumu unga wa silikoni. Nikaacha chembe za mikroni, nikachukua za nanomita 100, maana chini ya 150 hivi chembe huumuka bila kupasuka. (Bei ya kile kikopo tusiitaje.) Nafuu ikawa ndogo mno. Nilipozitazama kwa darubini ya elektroni, chembe zilikuwa nzima kabisa, ila hazishikani.

Gundi yangu ya kushikisha chembe ilikuwa PVDF, plastiki iliyozoeleka kwenye grafiti. Kwa silikoni inashika juujuu: chembe zikiumuka inavutika, zikinywea hairudi. Nikahamia CMC, selulosi ile inayotiwa hata kwenye aiskrimu ili iwe nzito. Inayeyuka kwa maji, kwa hiyo nikaagana na kiyeyushi cha PVDF chenye shombo na madhara yake. Bado haikutosha. Kilichonivusha ni asidi ya limau: niliposhusha pH ya uji (mchanganyiko wa unga, gundi na maji ninaoupaka kwenye shaba) hadi 3, CMC ikafungamana kikemia na utando wa oksidi juu ya chembe. Uji wenyewe una visa. Ukiukausha haraka unapasuka kama tope la bwawa, nikajifunza kuuacha ulale usiku kucha kabla ya tanuri la ombwe.

Mwishowe nikatia kiongezi kiitwacho FEC asilimia 10 kwenye elektroliti, kimiminika kinachopitisha lithiamu ndani ya seli, na nikaacha tamaa: nachaji hadi miliampea-saa 1,200 kwa gramu tu, si zaidi. Bado ni mara tatu ya grafiti.

Seli ya 31 imevuka mizunguko 200. Chaji ya kwanza ingali inakula lithiamu isiyorudi. Katika seli ya majaribio, yenye bamba zima la lithiamu upande wa pili, hasara hiyo haiumizi, lakini kwenye betri kamili lithiamu ni ya kuhesabu. Huko ndiko niliko sasa.