Tulivyoirudisha Pasaka ya nyumbani Rungwe

Kwetu ni Rungwe, ukishapita Kiwira kama unatokea Mbeya. Sisi ni Wamoravian tangu enzi za babu, na kwa Wamoravian Pasaka huanzia makaburini. Alfajiri, giza bado halijaachia, watu wanatoka majumbani kuelekea makaburi ya kanisa. Jua linapochomoza mchungaji anasema, "Bwana amefufuka!" nao watu wanaitika, "Amefufuka kweli kweli!" Utaratibu huu ulianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, kwa vijana waliokwenda makaburini kuimba kabla hapajapambazuka. Kwetu ulifika kwa njia ya misheni ya Rungwe, iliyofunguliwa mwaka 1891.

Baba aliongeza la kwake. Jumamosi ya kuamkia Pasaka, watoto wake wote tulipaswa kuwa nyumbani kusafisha makaburi ya ukoo, yaliyo migombani nyuma ya nyumba. Hakukuwa na udhuru. Ukifika unapokea jembe au fyekeo, salamu baadaye.

Alifariki mwaka 2012. Pasaka iliyofuata tulikwenda wote sita, iliyofuata tena wanne. Mwaka 2016 nilifika peke yangu. Nikamkuta mama ameinama, kanga kaifunga kiunoni, anang'oa majani kwa mikono juu ya kaburi la mumewe huku mvua ya masika inamnyeshea. Akainua uso, akasema, "Ndaga, mwanangu," yaani asante kwa Kinyakyusa, kisha akaendelea na kazi. Hakuuliza wenzangu wako wapi. Angeuliza ingeniuma kidogo kuliko vile.

Nilirudi Uyole nimeazimia. Nikafungua kundi la WhatsApp, nikapanga makubwa: mbuzi, turubai, fulana za ukoo, mchango wa shilingi 50,000 kila mmoja. Mwaka 2017 walikuja watatu. Mdogo wangu wa Tunduma, ambaye ndiye niliyemtegemea kuliko wote, simu yake haikupatikana siku tatu. Nilipompata nilikuwa na hasira, nikamsema sana. Aliniacha nimalize, akajibu taratibu: "Dada, biashara imelala. Ningekujaje bila mchango? Ningekaaje mbele ya mashemeji nile mbuzi ambaye sikumchangia?"

Neno hilo nililala nalo siku nyingi. Baba hakuwahi kutudai hela. Alidai mikono yetu. Mimi, kwa nia njema kabisa, nilikuwa nimeweka kiingilio kwenye kaburi la baba yetu.

Basi mwaka 2018 nilifuta mchango. Hakuna fulana, hakuna turubai. Chakula ni mbalaga ya mama, na ndizi ziko shambani. Anayeweza kuleta sukari alete, asiyeweza aje. Nauli ya mwenye hali ngumu tunamaliza watu wawili kwa simu, haitajwi kundini hata kwa fumbo.

Jambo la pili lilikuja lenyewe. Nilimwomba yule wa Tunduma alete chokaa, kwa kuwa mawe ya makaburi yalikuwa yameota kuvu. Alileta mfuko mdogo, akapiga magoti kwenye tope na brashi iliyoshonwa kwa katani, akapaka jiwe moja baada ya jingine mpaka jioni, bila kuzungumza na mtu. Mwaka uliofuata alipiga simu mwezi mzima kabla: "Dada, chokaa asinunue mtu, ni yangu." Hapo nikaelewa. Kaka wa Makambako nikamwachia kufyeka, dada wa Iringa maua. Mtu akijua asipofika kuna kazi yake itakayobaki pale imelala, atafika.

Mimi nilichukua daftari. Jumamosi usiku mama anakaa karibu na moto, nasi tunamuuliza: yule aliyelala chini ya mparachichi ni nani, alioa wapi, alikufa kwa nini. Kuna kaburi dogo lenye mawe matatu tu ambalo tangu utoto tulilifyekea bila kulijua. Mama akasema ni la mtoto wa kwanza wa bibi, aliyeishi siku nne. Hakuwa amepewa jina. Binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, akauliza, "Sasa kwenye daftari tutamwandikaje?" Tulibishana hadi moto ukazimika. Mwishowe tukaandika "Kaka yake Babu", yaani baba yetu, ambaye kwa watoto wetu ndiye babu, na tangu siku ile kaburi hilo ni la watoto. Mtu mzima haruhusiwi kuligusa.

Si kila mwaka tunatimia sita. Dada mmoja ni muuguzi, zamu haina Pasaka, hivyo yeye huja Jumamosi asubuhi na kugeuza na Kosta ya jioni. Tumemkubalia hivyo hivyo.

Pasaka iliyopita miguu ya mama ilikataa kilima cha kwenda kanisani. Tulimwacha mlangoni kwenye kiti, blanketi mabegani, tukaondoka na tochi. Tuliporudi ukungu ulikuwa bado umeshika migomba, hatuoni nyumba. Ghafla ikatoka sauti yake mle kwenye ukungu: "Bwana amefufuka!" Watoto waliokuwa mbele wakaanza kukimbia, wanaitikia huku wanakimbia.