Plagi mara mbili, koili, pampu ya mafuta: kumbe ilikuwa hewa ya Njombe

Niliambiwa plagi, nikabadilisha. Nikaambiwa koili, nikabadilisha mbili, zile nyingine mbili hela ikakata. Nikaambiwa pampu ya mafuta imechoka, hapo nikaguna kidogo, lakini nikabadilisha. Halafu fundi mwingine akasema plagi nilizowekewa ni feki, nikanunua plagi tena. Ukijumlisha na nauli ya vifaa kutoka Ilala kwa basi la usiku, sidhani kama nilitumia chini ya milioni moja na nusu. Gari ikabaki vilevile. Inawaka vizuri, haitoi moshi, taa ya injini haiwaki, ila ukikanyaga mafuta inakuangalia tu.

Gari yenyewe ni Toyota 86 ya 2013, gia za mkono, niliyoagiza Japani nikiwa bado naishi Tabata. Ushuru wake sitaki kuukumbuka. Kwa asiyeijua: injini yake imetoka Subaru, inaitwa FA20, lita 2, silinda nne zimelala ubavu, mbili huku na mbili kule, na haina turbo, ile feni ya kusindilia hewa kwenye injini. Ina nguvu za farasi 200, lakini farasi hao hawaji kwa kuitwa mara moja. Wanakamilika kwenye resi 7,000, yaani injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika. Chini ya hapo lazima ujue kubembeleza gia, na katikati, kama resi 3,500 hadi 4,500, kuna mahali injini inakata pumzi kidogo. Kila mwenye 86 anapajua. Mimi nilipapenda hata hapo, maana ukipavuka inaamka kama mtu aliyetajiwa deni lake. Alfajiri za Jumapili barabara ya Bagamoyo nilikuwa na raha ambayo mama watoto alikuwa anaiita ugonjwa.

Kazi ikanihamishia Njombe.

Safari ya kwanza niliipandisha mwenyewe, kilomita 700 na ushee, na sikushtuka sana kwa sababu nilikuwa nyuma ya malori karibu njia nzima. Nilishtuka wiki ya pili. Kile kilima kidogo cha kuelekea nyumbani nilizoea kukadiria ni cha gia ya tatu, gari ikaniomba ya pili. Nikajua inaumwa. Na Njombe ukisema gari inaumwa, ushauri unapata bure kuliko viazi. Mmoja aliniambia niondoe kabisa ile masega ya ekzosi inayosafisha moshi. Mwingine, kijana wa kijiweni, akasema dawa ni moja tu, "weka turbo, bosi", kuna seti ya kichina anaweza kuniletea. Nashukuru Mungu hela ilikuwa imekata. Pistoni za 86 zinabana hewa mara 12.5, tayari ni mbano mkubwa. Ukiisukumia turbo juu yake bila mtu anayejua kupanga kompyuta ya injini, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, injini inaanza kugonga kama mtu anapiga hodi, na siku haijaisha umeshatafuta injini nyingine.

Lakini nisijifanye mwerevu, maana ujinga wangu mkubwa niliufanya mwenyewe bila kushauriwa. Nilinunua ile filta ya wazi yenye umbo la koni, nyekundu, laki mbili kama si mbili na nusu. Nikang'oa boksi la filta lililokuja na gari, nikafunga koni yangu, nikapiga resi pale nje. Jamani ile sauti! Ilikuwa inavuta hewa mpaka wauza parachichi wanageuka. Wiki mbili nzima niliapa gari imeongezeka nguvu. Niliwaambia watu kazini. Nilimwambia mpaka mchungaji.

Wiki ya tatu nikanunua kidude cha bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani, elfu 35 au 40, kinachotuma vipimo vya injini kwenye simu. Nilikinunua ili nipate ushahidi wa kuwaringia. Asubuhi ile nje kulikuwa na baridi ya nyuzi 13, pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Nikawasha, nikaacha injini ipate moto, nikaangalia mstari wa joto la hewa inayoingia. 30. Nikadhani kimekosea. 41. Nikaenda kunywa chai, narudi nakuta 56. Koni yangu ilikuwa imekaa pale katikati ya injini inavuta joto la rejeta, hewa nyepesi iliyokwisha kutanuka, wakati boksi la zamani lilikuwa na mdomo mbele kabisa linavuta baridi ya bure ya Njombe. Nililipa laki mbili kununua sauti na kuuza nguvu. Boksi nililirudisha usiku kwa tochi ya simu, ili majirani wasinione. Kazini nikiulizwa kwa nini siku hizi haiungurumi, nasema nimeipunguza sauti kwa heshima ya majirani.

Ila kile kidude ndicho kilichoniokoa. Kuna mstari sikuwahi kuujali, mgandamizo wa hewa ya nje, ulikuwa unasoma 81. Nikajiuliza 81 ya nini. Nikampigia shemeji yangu Dar, kaka yake mke wangu, na yeye ana kidude kama hicho, maana mimi ndiye niliyemwambukiza huu wazimu.

"Shem, usiwashe. Fungua switchi tu, nisomee mgandamizo."

"Mia na moja. Kwani vipi?"

101 kwa 81, kwa kipimo cha kilopaskali. Nilikaa kwenye kiti nikacheka peke yangu. Njombe iko mita karibu 2,000 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, kila pumzi injini inayovuta ina oksijeni pungufu kwa moja ya tano. Kompyuta inaona hewa kidogo, inapima na petroli kidogo, kila kitu kinaenda sawasawa kabisa, ndiyo maana hakuna taa inayowaka na hakuna kosa la kusoma. Farasi 200 wa Dar huku ni kama 160. Wengine 40 niliwaacha njiani nikipanda, na mimi nilikuwa nawatafuta kwenye plagi. Nilikuwa na video ya zamani ya barabara ya Bagamoyo, gia ya tatu, kutoka 40 hadi 80, chini kidogo ya sekunde 6. Nikarudia barabara ya Songea pahali tambarare: 7 na kitu. Hakuna fundi hata mmoja aliyeniambia hili, na wote wameishi huku miaka yote.

Sasa turbo inaingia hapa. Turbo ni feni mbili kwenye chuma kimoja: moshi unaotoka unazungusha moja, ya pili inasindilia hewa kuingia ndani. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, kompyuta inaiacha turbo izunguke kasi zaidi mpaka ipate kiasi inachokitaka. Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1918 Wamarekani walibeba injini ya ndege aina ya Liberty mpaka juu ya mlima Pikes Peak, mita 4,300, mhandisi Sanford Moss akaifunga turbo ili aone kama itarudisha nguvu iliyopotea. Ikarudisha. Miaka mia baadaye mimi nauziwa koili.

Siku hizi wapenzi wa magari wanabishana kana kwamba ni dini. Tangu Porsche walipoiwekea turbo 911 Carrera ya kawaida mwishoni mwa 2015, na Ferrari wakaiacha 458 wakaja na 488, kuna watu wamevaa nguo nyeusi. Wana hoja. Injini isiyo na turbo ukigusa mafuta inajibu palepale, na 911 GT3 inayofika resi 9,000 bila turbo haina mfano. Ila wabishi wote hao nadhani wanaishi karibu na usawa wa bahari.

Shemeji yeye alikuwa na Subaru WRX S4 ya 2014. Na hili ndilo linalonifurahisha: injini ya S4 ni FA20 hiyohiyo, lita 2, kipenyo cha silinda milimita 86 na mwendo wa pistoni milimita 86, kama yangu. Ndugu wa tumbo moja. Tofauti, ya kwake ina turbo, mbano umeshushwa hadi 10.6, farasi 300, na ule msukumo wake mkubwa unaanza resi 2,000 tu. Ya kwangu msukumo wake wa juu unakuja baada ya resi 6,000, na hata ukija ni nusu ya wa kwake.

Na shemeji alikuwa analalamika! Foleni ya Kimara, jua la saa nane, S4 inachemka hasira. Kipoza hewa inayotoka kwenye turbo kimekaa juu ya injini chini ya lile tundu la boneti, gari ikisimama hakuna upepo unaopita, joto linapanda lote pale, ukipata upenyo unakanyaga, unahesabu moja, mbili, ndiyo inaondoka, tena kwa uvivu. Mafuta inakunywa. Gari ya kupandia milima inakaa kwenye foleni, na gari ya tambarare inakaa mlimani.

Nilimwambia tubadilishane. Alikataa mwezi mzima. Mama watoto ndiye aliyemaliza shauri, akampigia kaka yake akamwambia amechoka kumkunja mtoto kiti cha nyuma cha 86 kama nguo ya mtumba. S4 ina milango minne. Tukakubaliana naongeza milioni sita na kitu na magunia mawili ya viazi. Mambo ya kadi na TRA yakaisha.

Tulipanga kukutana Ruaha Mbuyuni, pale kwenye vitunguu. Nilishuka mlima Kitonga na 86 kwa mara ya mwisho, mke wangu ameshika simu ananisomea mgandamizo. Iringa 85. Juu ya Kitonga 87. Tunaingia kwenye kona, gia ya pili, mguu sijagusa breki, injini inaishika gari yenyewe, njia yake ya hewa imefungwa inavuta pumzi kwa shida, huku malori mbele yananuka breki. "Themanini na tisa." "Tisini na moja." Tulipofika chini ilikuwa 95, nikakanyaga kidogo tukitoka kwenye tuta, na gari ikaruka vile ninavyoijua. Mke wangu akaniangalia. "Unataka kughairi?" Nikasema hapana, lakini nilichelewa kusema.

Kupanda na S4 Kitonga hakukuwa na ushujaa wowote, unafuata lori la saruji kwa mwendo wa kilomita 15 mpaka juu, na ukijaribu kupita pale wewe si dereva. Raha ilikuja baada ya Ilula. Lori mbele, barabara nyeupe, nikakanyaga. Ilikawia kidogo, kama mtu anavuta pumzi, halafu ikanisukuma mgongo na tukawa tumeshapita. Mwinuko nadhani mita 1,500, na gari haina habari. Gia zake za otomatiki za mnyororo, CVT, zinaunguruma kama mashine ya kusaga, sauti ya kusikitisha ukitoka kwenye 86. Na ina kilo 300 zaidi, kwenye kona unazihisi zote.

Nimekaa nayo mwaka sasa. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000, ya sintetiki, na hapo sibani hela, maana turbo huku inazunguka zaidi kuliko Dar na inalainishwa na oili hiyohiyo. Mtu alitaka kuniuzia taima ya turbo laki tatu, ile inayoacha injini ikiwaka ukishatoa ufunguo. Turbo hii inapozwa na maji pia. Dakika moja mbili za mwisho kabla ya nyumbani naenda polepole, basi. Laki tatu nimenunulia mbolea.

Shemeji alinipigia wiki ya kwanza tu baada ya kubadilishana, yuko Mbezi, anapiga kelele mpaka simu inakwaruza.

"Shem, hii gari ulikuwa unaionea bure! Inavuta balaa!"

"Kweli?"

"Fundi wangu kaipima asubuhi, kabadilisha plagi tu. Anasema ulizoweka huko kwenu zilikuwa feki."

Nikamuuliza kama viazi vilifika salama.