Kutabiri mauzo wakati Ramadhani haikai mahali pamoja

Chukua duka la jumla la vyakula, Mombasa au Unguja, lenye rekodi ya mauzo ya unga wa ngano ya kila siku kwa miaka mitatu. Swali: wiki ijayo itatoka mifuko mingapi?

Wengi huweka kwenye jedwali safu ya "mwezi", 1 hadi 12, wakaiachia modeli (programu inayojifunza kutabiri kutokana na rekodi) ijifunze msimu yenyewe. Kwa Krismasi inakubali. Kwa Ramadhani inakuponza, maana mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, na mfungo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2023 mfungo ulianza Machi 23 au 24 kutegemea nchi. 2025 ulianza Machi 1 au 2. Modeli iliyosomea 2023 itaagiza unga katikati ya Machi 2025, wakati watu wameshafunga wiki mbili.

Tengeneza safu mbili: siku zilizobaki kabla ya mfungo, na siku zilizobaki kabla ya Idd. Zikizidi 30, andika 30 tu. Kisha weka mauzo ya siku 364 nyuma: hizo ni wiki 52 kamili, kwa hiyo Ijumaa inakutana na Ijumaa. Kwa upande wa Hijria rudi siku 354, ila hapo siku za wiki hazilingani, basi chukua wastani wa siku 7 zinazoizunguka. Na kwa kuwa Idd husubiri mwezi kuandama, endesha utabiri mara mbili, mfungo wa siku 29 na wa 30, halafu agiza kwa ule mkubwa kama unga wako hauharibiki upesi.

Kosa linaloua kazi nyingi ni modeli kuchungulia kesho. Kwenye Pandas (maktaba ya Python ya majedwali ya data), wastani wa siku 7, `rolling(7).mean()`, unahesabu na mauzo ya leo yenyewe, yaani jibu umeshaliweka ndani ya swali. Anza na `shift`, inayokupa mauzo ya siku zilizopita badala ya leo. Tena ukitabiri siku 7 mbele kwa mkupuo, `shift(1)` haitoshi: Jumapili ijayo hutakuwa na mauzo ya Jumamosi yake. Tumia `shift(7)` au zaidi. Vilevile `train_test_split` ya scikit-learn (maktaba ya Python ya kufundisha modeli), inayogawa data ya kufundishia na ya kupimia, huchanganya data usipoizuia, na siku za Juni zikafundisha modeli inayopimwa kwa Mei. Matokeo yakipendeza kupita kiasi, kagua hapa kwanza.

Sifuri nazo zina hila. Siku unga ulipoisha stoo, daftari linasema 0, lakini wateja walikuja wakaondoka mikono mitupu. Ukiiacha hivyo, modeli inaamini siku ile hakuna aliyetaka unga, na itakufanya uishiwe tena. Iache wazi kama data iliyokosekana. Siku ambayo duka lilifungwa ipewe safu yake.

LightGBM na XGBoost, maktaba za modeli za miti ya maamuzi (maswali ya ndiyo au hapana yanayofuatana), zinatosha kwa kazi hii, sioni haja ya mtandao wa neva, modeli nzito inayotaka data nyingi, kwa mistari elfu moja na kidogo. Ila miti ya maamuzi haipandi juu ya ilichokiona: kama rekodi ya juu ni mifuko 120, usitegemee ikutabirie 150 hata duka likikua. Kwa hiyo tabiri uwiano, mauzo gawanya kwa wastani wa siku 28 zilizokwisha kujulikana, kisha zidisha kurudi. Na tabiri mifuko, usitabiri shilingi, la sivyo bei ikipanda modeli itadhani wateja wameongezeka.

Kupima: fundisha hadi mwisho wa wiki moja, tabiri wiki inayofuata, songa mbele wiki, rudia mara 52 ili Ramadhani moja nzima iingie kwenye mtihani. Kila raundi linganisha na kanuni ya bure, "Jumanne hii itauza kama Jumanne iliyopita". Gawanya kosa la wastani la modeli kwa kosa la kanuni hiyo. Ikitoka 0.8, una kitu. Ikitoka 1.1, tumia kanuni ya bure huku ukirudi kukagua zile sifuri.