Mtungi wa Lita 20

Mwaka 2000, ule wa mgao wa stima, taa zilizimika mtaani Jericho, Nairobi, jioni moja kabla hata ya taarifa ya habari. Vijana tukawa tunalalama uani. Jirani yetu, mzee aliyestaafu kutoka mitambo ya stima ya Mto Tana, akatusikia. "Leteni mtungi na mpira wa maji," akasema.

Mtungi wa lita 20 ukawekwa juu ya ngazi, mita 3 kutoka chini. Mzee akapiga hesabu kwa chaki sakafuni: kilo 20, mara 9.81, mara 3, ni juli 589 za nishati. Balbu ya wati 60 ingewaka sekunde 10 basi, tena kama hakuna kinachopotea. Na hupotea, katika bomba, turbini na jenereta.

"Ukitaka stima nyingi, ongeza maji au ongeza kimo. Njia ya tatu hakuna."

Kisha akaupandisha mdomo wa mpira kidogo kutoka kitako cha mtungi, kama lango la bwawa linavyokaa juu ya tope. Maji yaliposhuka karibu na mdomo, kizunguzungu cha maji kikatokea, mpira ukakoroma, ukameza hewa. Kwenye bwawa, alisema, turbini hutetemeka na mzigo huyumba, kwa hiyo mtambo huzimwa mapema, maji yangali yanaonekana. Masinga, bwawa la Mto Tana, ikijaa husimama mita 1,056.5 juu ya bahari. 1,037 ndiyo mwisho wa kuendesha mitambo yake.

Mmoja wetu akauliza mbona tuhangaike na Masinga, nayo ni megawati 40 tu.

"Hiyo ndiyo ghala, kijana wangu. Maji yale yale yakitoka pale huzungusha mitambo ya Kamburu, halafu Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Gitaru ina megawati 225, lakini bwawa lake ni dogo, halina akiba. Masinga ikikauka, wote wanalala njaa."

Jambo lililonishika zaidi lilikuja mwishoni. Maji mengi ya mfereji wetu Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kwenye Mto Thika unaomwaga Masinga. Tukishayatumia huku, huelekea Mto Nairobi na kuishia Athi. Tana hayarudi tena.

Mama alikuwa ameshaweka beseni chini ya mpira. Yale maji akafulia.